Gari la Kumhamisha Mkasi

Mtaani walimwita Mkasi, na hakuna aliyekumbuka tena kama jina hilo lilitokana na kazi yake au na ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, mapazia, mikoba, hata viti vya magari vilivyochanika, kwa kuwa cherehani yake haikuwa zile nyepesi za kushonea vitambaa laini. Ilikuwa ya kiwandani, nzito kama ng'ombe aliyelala, na aliinunua pale kiwanda kimoja cha viatu kilipofunga milango na kuuza kila kilichokuwamo. Ikishika kazi, vikombe vya jirani vilicheza kabatini.

Kelele hizo ndizo zilizomtoa. Mwenye nyumba alianza kwa kukohoa akipita barazani, kisha akaja na maneno, mwishowe akaja na mpangaji mwingine.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi, mama," alimwambia. "Lakini kuna mwalimu anataka hapa kwako, na yeye hana mashine. Anaingia Jumamosi."

Mkasi hakumlilia. Kusema kweli alikuwa amechoka siku nyingi kushonea barazani, mvua ikija anafunika nguo za watu kabla hajajifunika mwenyewe. Akatafuta, akauliza, akapata nyumba juu mlimani, upande wa pili wa mji: vyumba vitatu, na kimoja mlango wake unatazama barabara. Aliposimama ndani ya chumba hicho kwa mara ya kwanza, kikiwa kitupu na sakafu ina vumbi, aliiona cherehani yake chini ya dirisha, akaiona meza ya kukatia, akakiona na kioo cha wateja. Akalipa kodi ya mwanzo siku ileile, moyo haujapoa.

Kodi hiyo ilikomba mfuko mpaka kwenye mshono. Mumewe alikuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mbali huko porini, na alipopata habari kwa simu alivuta pumzi ndefu.

"Ungenisubiri, mke wangu. Mwisho wa mwezi narudi, tunakodi lori, tunahama kama watu."

"Mwenye nyumba hausubiri mwisho wa mwezi wako."

"Sasa utahama vipi peke yako?"

"Nani kakwambia niko peke yangu? Niko na mama yako."

Mumewe akacheka. Alimjua mama yake.

Mama mkwe wa Mkasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuja kuishi nao miguu ilipoanza kumvimba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alikuja na sanduku moja la nguo, na kitanda. Kitanda chenyewe si cha kusimuliwa, ni cha kuonwa. Kilikuwa cha mbao ngumu nyeusi, matendegu yake manene kama mapaja ya mtu mzima, na ubao wa kichwani umechongwa maua na majani. Marehemu mumewe alikitengenezesha walipooana, na ndicho kitu pekee alichokataa kumwachia mtu yeyote. Kilijaza chumba kizima. Kila aliyetaka kupita alipita upande upande kama kaa, na Mkasi alikuwa ameshagonga kidole gumba cha mguu pale mara zisizo na idadi. Alipoanza kufikiria habari ya kuhama, kitu cha kwanza alichokiuza kichwani mwake kilikuwa kitanda hicho. Hakusema. Ila Bibi hakuwa mtu wa kungoja kuambiwa. Aliona jinsi mkwewe anavyokitazama.

Basi Mkasi akaanza kutafuta usafiri. Alianzia juu kabisa, kwenye kampuni inayohamisha watu, kwa sababu alitaka kwanza aijue bei ya juu ndipo ateremke. Walimtuma kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni. Alizunguka vyumbani akinyoosha kidole, akahesabu viti, akakipima kitanda kwa hatua, akaeleza kwamba watu wao huvaa glavu na kwamba kila kikombe hufungwa karatasi peke yake. Kisha akataja bei.

Mkasi akamtazama. "Samahani, mwanangu. Hiyo ni bei ya kuhamisha vitu au ya kuvinunua?"

Kijana akacheka kidogo, akaondoka na kalamu yake.

Kutoka hapo akateremka hadi chini kabisa, kwa mzee wa mkokoteni aliyekuwa akibeba magunia sokoni. Huyu alikuwa na bei ya kuchekesha, karibu na bure. Mkasi alipomtajia mlima, mzee aliuweka mkokoteni chini, akajifuta jasho.

"Binti yangu, nikikwambia naweza nitakuwa nimekula pesa yako na nimejila mwenyewe. Huku chini nitakubebea hata nyumba na bati zake. Lakini mlima ule, mkokoteni ukinirudi, ndio umenizika. Nitakutolea vitu kutoka uani mpaka barabarani, kwa sababu gari haliingii kwenye kichochoro chenu. Huko mbele tafuta chenye injini."

Mkasi akamshukuru, wakapatana hivyo. Maneno ya mzee yalimpendeza, maana mtu anayekwambia asichokiweza, anachokiweza utakipata.

Jirani mmoja akamshauri auze kila kitu, aanze upya huko aendako. Mkasi akamuuliza upya huo unauzwa duka gani.

Ndipo akafika kwenye kituo cha pikapu nyuma ya soko. Hapo palikuwa na dereva mmoja aliyejiita Chapuchapu, na jina hilo alikuwa amelibandika kwa herufi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno matamu. Mkasi alimtajia vitu vyake kimoja baada ya kingine: meza, kabati, magunia ya vitambaa, vyombo vya jikoni, cherehani kubwa, kitanda kikubwa.

"Njoo uvione kwanza," Mkasi alimwambia.

"Nikavione vina nini, mama? Vyombo ni vyombo. Safari moja tu, tumemaliza."

Bei yake ilikuwa ile ambayo Mkasi angeweza kuilipa na bado abaki na ya kula mpaka mumewe arudi. Wakashikana mikono. Mkasi hakutoa hata senti ya kutangulia. Kwake yeye pesa ilitoka kazi ikishafika. Lakini njiani kurudi nyumbani kuna kitu kilimwasha moyoni, kama uzi uliobaki ndani ya kola. Mtu asiyetaka kuuona mzigo kabla ya kuubeba ana sababu yake. Akajituliza kwamba ni wasiwasi wa safari.

Jumamosi ilipofika, kulikuwa na mawingu. Tangu alfajiri mzee wa mkokoteni alikuwa akienda na kurudi kwenye kichochoro, magurudumu yakipiga kelele juu ya mawe. Majirani walisaidia, kila mmoja na chake, huyu sufuria, huyu kioo. Cherehani ilibebwa na wanaume wanne waliokuwa wakigombana njia nzima kuhusu nani anayeegemea wenzake. Kitanda kilitolewa kikiwa kizima, kwa sababu kilijengwa bila misumari na hakuna aliyethubutu kukifungua. Saa za asubuhi zikaisha, jua likapanda nyuma ya mawingu, na vitu vyote vikawa vimepangwa kando ya barabara kama duka lisilo na mwenyewe. Bibi akakaa juu ya kitanda chake, miguu ikining'inia, akiwasalimia wapita njia.

Chapuchapu alichelewa. Alipokuja hakuomba radhi. Alirudisha gari kinyumenyume, akafungua mlango wa nyuma, na yeye na mwenzake wakapakia meza, kabati, na magunia. Pikapu ikaanza kukaa chini kwa nyuma. Hapo akajifanya ndiyo kwanza anaiona cherehani.

"Hii hatukusema."

"Nilisema cherehani kubwa."

"Cherehani, ndiyo. Hiki ni kinu cha kusagia." Kisha akakizunguka kitanda, akapiga mluzi. "Na hiki je? Hiki ni daraja. Hapana, mama, hapa bei inabadilika."

Akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya ile waliyopatana.

Mkasi alijaribu kwanza kwa upole. Alimkumbusha maneno yao, akamkumbusha kwamba alimwita aje kuona. Chapuchapu aliegemea gari, akamwonea huruma kwa tabasamu.

"Sasa si umeshatoka nje, mama? Mwenzako anaingia leo. Utavirudisha wapi?" Kisha, kama mtu anayetoa msaada, akaongeza: "Au tufanye hivi. Kitanda kiache. Kiuze hapahapa, kuna watu wanatafuta kuni. Kitanda kikibaki, ile bei yetu inarudi palepale."

Mkasi hakujibu mara moja, na ukweli ni kwamba kimya chake hakikuwa cha hasira peke yake. Jambo alilolitamani kimoyomoyo tangu mwanzo lilikuwa limewekwa mbele yake kwenye sahani, na aliyeliweka hakuwa yeye. Angeweza kusema ni dereva. Angeweza kusema ni pesa.

Bibi akateremka kitandani polepole. Akashika ule ubao wenye maua, akatazama upande mwingine, kule lilikokuwa duka la vipuri vya baiskeli.

"Kiacheni, mwanangu," alisema. "Mtu wa umri wangu halali, anajinyoosha tu. Hata mkeka unanitosha. Wewe mashine yako ndiyo inayotulisha, isibaki."

Alisema kwa sauti fupi, yeye ambaye sauti yake haikuwahi kuwa fupi. Mkasi akaona aibu. Akaona na kitu kingine: huyu mama alikuwa amejua muda wote, na alikuwa amelala juu ya kitanda hicho kila siku akijua.

"Mama, kaa," Mkasi akasema. "Kitanda kinakwenda, na wewe utalala juu yake. Hulali chini mimi nikiwa na mikono."

Akajifunga kibwebwe, akapanda nyuma ya pikapu, akalishika gunia la kwanza na kulitupa chini.

"Unafanya nini?" Chapuchapu akashtuka.

"Nakupunguzia mzigo."

Gunia la pili likafuata. Mzee wa mkokoteni alielewa mara moja, akaja chini kupokea. Meza ikateremshwa, miguu mbele. Chapuchapu akaanza kuteremka naye, ila kwa upande wa bei. Meza ilipogusa ardhi alikuwa ameshaondoa robo. Kabati lilipoanza kusogezwa ukingoni akasema wagawane nusu kwa nusu. Kabati lilipofika chini akanyanyua mikono: "Basi, mama, basi! Tufanye ileile ya mwanzo, na kitanda juu. Mbona una hasira hivyo?"

Mkasi akaruka chini, akajipangusa vumbi.

"Sina hasira. Ila mtu anayenigeuzia bei hapa mbele ya majirani zangu, kule mlimani nisikojua mtu atanigeuzia nini? Nenda salama, ndugu yangu."

"Na mafuta yangu ya kuja hapa?"

Hapo Bibi akapata sauti yake. "Mafuta gani? Wewe umekuja kwa tamaa, na tamaa haina kituo cha kujazia. Ondoa gari, unanizibia upepo!"

Kicheko kilimsindikiza Chapuchapu mpaka kona. Lakini kicheko hakibebi kabati. Kilipoisha, majirani wakaanza kurudi kwenye shughuli zao mmoja mmoja, na Mkasi akabaki amesimama kati ya vitu vyake vyote vya duniani. Tone moja la mvua likamwangukia mkononi. Magunia mawili yalikuwa ya sare za watoto, zimeshonwa na kupigwa pasi, na wenyewe walizitaka Jumatatu. Akayavuta chini ya meza. Akakaa kitandani kando ya mkwewe, kwa sababu hapakuwa na kiti kilichobaki wazi.

"Tumeharibu?" Bibi akauliza.

"Bado sijui, Mama."

"Ukijua uniambie. Nataka nijue kama nilie au nile. Nina njaa."

Mkasi akacheka bila kupenda. Lakini akili haikutulia. Alikuwa akipiga hesabu ya kuomba hifadhi ya vitu nyumba tatu tofauti, kisha kuvipandisha mlima kidogo kidogo kwa wiki nzima, na kazi za watu zimelala. Ingechukua muda na ingemchosha, lakini iliwezekana. Maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Alikuwa ameshainuka kwenda kuongea na jirani wa kwanza, ndipo honi kubwa ikalia nyuma yake.

Lilikuwa lori la yule mwalimu, mpangaji mpya, limejaa viti, magodoro, na vitabu kwenye maboksi. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi mbele na mkewe. Dereva, mtu mnene aliyeuma njiti ya meno, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, nani kaweka kitanda barabarani? Nataka kuegesha."

Mkasi hakukiangalia kitanda. Aliliangalia lori, kutoka mbele mpaka nyuma. Limekuja limejaa. Litarudi na nini?

"Kaka," akamwendea dirishani, "ukimaliza hapa unaelekea wapi?"

"Narudisha gari kwa tajiri mwenye lori. Kwenye kiwanda cha matofali, nyuma ya mlima."

"Unapitia juu mlimani?"

"Njia nyingine iko wapi?"

"Na unapanda na mzigo gani?"

Dereva akaitoa njiti mdomoni. "Upepo," akasema, na akaanza kuelewa anakopelekwa. Akashuka, akaviangalia vitu kwa macho ya mtu wa kazi, akavizunguka vyote, na kitanda akakiinua pembe moja kupima uzito wake. Kisha akainamisha kichwa, akapunguza sauti. "Nipe kidogo mkononi, nakupandishia. Tajiri hana haja ya kujua."

Kidogo hicho kilikuwa kidogo kweli. Kilikuwa chini ya bei ya Chapuchapu. Mkasi alikitamani, na nusura akubali. Lakini aliwaza akiwa katikati ya mlima, tajiri akapiga simu, dereva akaogopa, na vitu vikashushwa kwenye mteremko. Siku hiyo alikuwa ameshaonja vitu kuwa barabarani mara moja.

"Mpigie tajiri wako," akasema. "Niongee naye mwenyewe."

Dereva akasita, akamtazama kama mtu anayekataa chakula cha bure, lakini akapiga.

Tajiri alikuwa mwanamke, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mashine zikinguruma.

"Lori langu halibebi watu wa njiani, dada," akasema alipoelezwa.

"Mimi si mtu wa njiani, dada. Nimewekwa njiani leo tu."

Upande wa pili tajiri alizuia kicheko. Kisha tajiri akasema lori tupu linapanda kwa mafuta haya, na lori lenye mzigo kwa mafuta yale, na mpakiaji ni huyu, na muda ni huu. Kila alichosema kilikuwa kweli. Mkasi akamtajia alichonacho, bila kuongeza wala kuficha. Tajiri akasema hakitoshi.

Wakati huo mwalimu na dereva walikuwa wakivuta turubai kutoka juu ya mzigo wao. Turubai likafunguka hewani, na Mkasi akaona mbingu kupitia ndani yake. Lilikuwa na mpasuko mrefu katikati, umeunganishwa kwa kamba ya katani kama kidonda kilichoshonwa na mwindaji.

"Dada," akasema kwenye simu, "hili turubai lako likinyeshewa, unapoteza nini?"

"Saruji," tajiri akajibu haraka, kabla hajafikiri. "Mwezi uliopita nimetupa mifuko mpaka nikaugua. Nani kakwambia habari ya turubai?"

"Hakuna aliyeniambia, naliona. Mimi ni fundi. Hapa barabarani nina cherehani iliyokuwa ikishona soli za viatu. Nipandishe leo kwa hicho nilicho nacho, na turubai hili nitalishona mimi, uzi mara mbili na kiraka juu yake."

"Fundi aliyepita naye alisema hivyohivyo. Lilichanika palepale."

"Likichanika kwenye mshono wangu nitalishona tena bila malipo, wewe umesimama unaniangalia, na unitukane huku nikishona."

Safari hii tajiri alicheka wazi. "Mpe dereva simu," akasema. Dereva akasikiliza, akaitikia "ndiyo, mama" kadhaa, akakata. Akamgeukia Mkasi.

"Anataka gari kabla jua halijashuka. Na mimi amesema nisipokee kidogo chochote mkononi mwa mtu." Akairudisha njiti mdomoni kwa huzuni. "Ungeniachia angalau chai."

"Chai utakunywa kwangu mlimani," Mkasi akasema. "Twende kazi."

Ikawa kazi kweli. Cha mwalimu kikishuka, cha Mkasi kinapanda. Mkokoteni ulioingia kichochoroni na maboksi ya vitabu ulirudi mtupu ukasogeza sufuria hadi kwenye lori. Mke wa mwalimu, aliyekuja akiogopa kumkuta mtu mwenye kinyongo, alijikuta amebeba kioo cha Mkasi na Mkasi amebeba mtungi wake wa gesi, wakapishana nyuma ya lori wakicheka. Bibi alisimamia yote akiwa amekaa, akigawa amri kwa watu wa pande zote mbili bila ubaguzi. Cherehani ilipandishwa juu ya mbao mbili, wanaume wakiivuta kwa kamba, na kitanda kikawekwa kichwa chini kikaikumbatia isisogee. Bibi akasaidiwa kupanda mbele kando ya dereva, akashusha kioo, akaaga mtaa mzima kwa mkono kama bibi harusi.

Mkasi alipanda nyuma, chini ya turubai. Hawakuwa wamefika nusu ya mlima mvua iliposhuka kwa nguvu zake zote. Lori likapunguza mwendo, injini ikalalamika, na maji yakaanza kupita kwenye ule mpasuko, ile kamba imelegea, yakitafuta magunia ya sare. Mkasi akapanda juu ya meza, akapiga goti, akazishika kingo mbili za mpasuko kwa mikono yake, akazikutanisha na kuzibana kama anavyobana pindo kabla ya sindano. Hivyo ndivyo alivyopanda mlima wote. Maji yalimshuka mikononi mpaka kwapani, yakamwingia mgongoni, vidole vikafa ganzi, na kila lori lilipoyumba alijigonga kwenye kabati. Hakuachia. Mbele alimsikia Bibi, kwa sauti yake yote, akimwelekeza dereva abadilishe gia.

Walipofika juu mvua ilikuwa imechoka. Godoro moja lilikuwa limelowa pembeni. Sare zilikuwa kavu.

Dereva alipewa chai yake kwenye kikombe kilichofukuliwa kutoka ndani ya beseni, akainywa amesimama mlangoni, akasema yule mama wa mbele angefaa kuwa mwalimu wa udereva, ila wanafunzi wangekimbia. Vijana wa barabara ile wakasaidia kushusha, na cherehani ikakaa chini ya dirisha, palepale Mkasi alipoiona siku ya kwanza. Kitanda kilipita mlangoni kwa shida, kikachubua rangi pande zote mbili.

Jioni, Bibi alijinyoosha juu yake, akavuta shuka.

"Ulitaka kukiuza," akasema, akiangalia dari.

Mkasi alikuwa akikung'uta godoro lililolowa. Angeweza kukataa. "Nilitaka, Mama."

"Basi mbona hukuuza? Leo ulipata nafasi."

"Ulipokitoa mwenyewe, hamu ikaniisha."

Bibi akafikiri. "Mumeo asijue," akasema. "Atajiona ana mke mwema, kichwa kitamvimba." Akageukia ukutani, na muda si mrefu akawa anakoroma.

Jumatatu sare zikachukuliwa na wenyewe. Siku iliyofuata Mkasi aliliosha turubai aliloachiwa na dereva, akalianika, akalikata kwenye uozo, akaliwekea kiraka na kulipitishia uzi mara mbili, cherehani ikinguruma na hakuna aliyekohoa. Tajiri alikuja mwenyewe kulichukua. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vya kazi na vumbi jekundu mpaka magotini. Alikanyaga upande mmoja wa mshono kwa mguu, akaushika mwingine kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mshono ukamtazama tu. Akaachia, akaenda kwenye gari lake, akarudi na turubai jingine, na baadaye jingine. Wenye malori wengine kule kwenye matofali wakauliza alipeleka wapi. Sare Mkasi hakuziacha, lakini zilisogea pembeni zikapisha.

Mwisho wa mwezi mumewe akarudi. Hakuwa amewahi kuiona nyumba mpya. Alishuka barabarani na mkoba wake begani, akaanza kuuliza fundi cherehani aliyehamia karibuni. Watu wakatikisa vichwa, fundi huyo hawakumjua. Akapita mbele ya nyumba mara mbili bila kujua. Mtu mmoja akamwambia, "Labda unamtafuta yule wa maturubai?"

"Hapana," akasema mume. "Wangu anashona nguo."

Mara ya tatu alisikia sauti ya mama yake ikitokea dirishani, ikimwuliza kama huko porini amesahau hata kuona. Akageuka. Mbele ya mlango kulikuwa na turubai la kijani limetandazwa uwanja mzima, na katikati yake mkewe amepiga magoti, chaki nyuma ya sikio.

"Karibu," Mkasi akamwambia, uso umemchanua. "Vua viatu, usinichafulie kazi. Halafu shika pembe ile, tuikunje."

Mumewe akaweka mkoba chini, akavua viatu, akashika.